Kifuko cha Mbuzi na Jembe la Handeni

Jumatatu, 8 Machi 1976
Leo nimekufa nusu. Afisa kaja hapa maabara, Korogwe, kasema wahudumu wawili ni wengi, abaki mmoja: mimi Isihaka au Fabiani. Atakayetoka apewe jembe, akaanze maisha kijiji kipya cha ujamaa, Handeni. Handeni! Simba wapo, maji hayapo, na mama mkwe wangu keshahamia. Ataamua Ijumaa.

Daktari Hilaria hana habari na hofu yangu. Yeye na utafiti wake tu. Eti ukuta wa tumbo una chembe hai zenye vipampu vinavyosukuma asidi. Vikizidisha, mtu hupata vidonda. Nikajishika tumbo. Langu linachoma tangu Afisa aondoke! Daktari kaagiza kifuko cha mwisho cha tumbo la mbuzi, kile chenye asidi, kibichi: mimi nilete kimoja, Fabiani kimoja. Hapo hapo nikajua namna ya kumshinda.

Jumanne, 9 Machi
Nimemwahi Muhidini, mchinjaji wa Manundu, kabla ya Fabiani. Kifuko nimepata. Lakini uchafu wake, astaghafiru! Ute, utando, harufu. Nimpelekee msomi kitu kama kile? Nikaenda nacho nyumbani. Maji ya moto, kisu, ndimu, chumvi. Nikaparuza hadi kikawa cheupe pe. Mke wangu Mwantumu kauliza kama nina homa, maana tangu tuoane sijawahi kumsaidia kuosha utumbo. Fabiani kaleta chake kinachuruzika. Hana haya.

Jumatano, 10 Machi
Ole wangu! Daktari kapima cha Fabiani, kafurahi. Kapima changu: hakuna kitu. Kauliza nimekifanya nini. Nikamweleza yote kwa majivuno, hadi ndimu. Kavua miwani. Kasema vipampu vilikuwa kwenye ule utando nilioparuza. Nilichomletea ni supu. Fabiani kacheka hadi kashikilia meza.

Ijumaa, 12 Machi
Afisa kafika. Fabiani ndiye anabaki. Nikaketi sakafuni nalia: tumbo linaungua, vipampu vitaniua, Handeni sifiki! Daktari kanitazama sana. Kisha kamwambia Afisa anahitaji mtu mwenye asidi nyingi wa kupimwa kila juma. Mtu huyo anameza mpira, wanafyonza maji ya tumboni. Nikionekana nina asidi ya kutosha, nabaki Korogwe. Nikipungukiwa, jembe. Kipimo kesho asubuhi. Kaniagiza nisile kitu, nije na tumbo langu kama lilivyo.

Jumamosi, 13 Machi
Kumekucha. Mpira mzima upite kooni, Mola wangu! Na tumbo linawaka moto. Nikamwambia Mwantumu siwezi kwenda mbele ya Daktari na Fabiani tumbo likiwa katika hali hii. Kasema, Baba Chausiku, nenda hivyo hivyo ulivyoambiwa. Wanawake hawajui mambo ya maabara.

Nimekunywa magadi, vikombe viwili. Asidi yote imezimika papo hapo, tumbo limetulia tuli. Na sijala kitu, kama alivyoagiza. Safari hii Daktari hatakuwa na la kulalamika.