Vidole vya Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Vidole vimegoma tena. Nimefungua duka saa mbili, kibano nimeweza kukishika saa nne. Miaka thelathini nakamata skrubu ndogo kuliko chawa, leo kifungo cha shati kimenishinda. Mke wangu kanifungia kama mtoto wa chekechea. Nina miaka hamsini na sita tu.

Mwalimu Mkuu mstaafu kaleta saa ya mkono ya marehemu mumewe. Imesimama. Anaitaka Ijumaa ya wiki ijayo amvishe mjukuu wake, anahitimu. Nikamwambia hakuna shida. Akaitazama mikono yangu. Nikaitia mfukoni. Mlangoni mwa duka la jirani, yule tunayemwita Betri alikuwa anatabasamu. Kazi yake ni kubadilisha betri, basi, halafu anajiita fundi saa.

Jumanne, 4 Machi
Nina mpango. Muuza dawa wa kona kasema pilipili iliyosagwa na mafuta hufukuza maumivu. Nimepaka vidole vyote kumi. Joto zuri. Nikajiona nina akili. Kisha nikapachika lenzi jichoni.

Kilichofuata sitakiandika, jengo zima linakijua. Aliyeniletea ndoo ya maji ni Betri. Hilo limeniuma kuliko pilipili.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu kanipeleka kliniki. Mtaalamu wa viungo, dada mpole, kaminya kifundo kimoja kimoja, akasema vimechakaa kidogo, havijafa. Maji ya uvuguvugu dakika kumi, asubuhi na jioni. Fumba, fumbua, minya sponji. Kazini nipumzishe mikono kila nusu saa. Nikauliza dawa kubwa iko wapi. Akasema ndiyo hiyo.

Njia nzima mke wangu alikuwa anapiga hesabu. Tulipofika akasema, "Baba Pacha, maji ya moto yapo. Sponji ipo. Na vyombo vipo."

Alhamisi, 6 Machi
Nimeosha vyombo. Aproni ina maua.

Jioni nikaleta ujanja: nikapendekeza tule sahani moja, kama enzi za uchumba. Akafurahi, akanishika hata bega. Tulipomaliza akashusha masufuria yote ya juu ya kabati. Yana masizi ya tangu pacha wetu wakiwa shule ya msingi.

Jumamosi, 8 Machi
Betri kaja nyumbani kurudisha bisibisi yangu. Kanikuta na povu mpaka kwenye viwiko. Nikamwambia ni mafunzo ya kitaalamu, mafundi wakubwa wote wanayafanya. Nilingoja acheke.

Hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa. "Kaka," akasema, "mimi dole gumba hili halikunjiki tangu Desemba. Unadhani napenda kushinda na betri?"

Nikamsogezea beseni la kusuuzia.

Jumatano, 12 Machi
Betri anakuja kila asubuhi. Vyombo vyetu havitoshi watu wawili, kwa hiyo analeta vya kwake. Mke wangu anatuita kikosi.

Kibano nimekishika saa mbili na nusu. Nikafungua saa ya Mwalimu. Gurudumu moja lilikuwa limejaa uchafu, na skrubu moja haipo. Nikatafuta kwenye makopo yangu yote mpaka nikakata tamaa. Betri akaingia na boksi lake la saa mbovu, akaipata inayofanana. Kaishika kwa dole gumba lile lile. Hakuiangusha.

Ijumaa, 14 Machi
Mwalimu kaiweka saa sikioni. Akafumba macho muda mrefu, mpaka mimi na Betri tukaanza kutazamana. "Ndiye yeye," akasema. Hakusema ndiyo yenyewe. Betri akageuka kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Jumapili, 16 Machi
Vidole viko sawa. Nimefikiria sana sababu, nikaipata: ukoo wetu una damu nzuri. Nimemfahamisha mke wangu kwamba matibabu yamekwisha, sponji nimemkabidhi kwa heshima zote.

Nilipoinuka kitini goti la kulia likalia ko! Kesho kliniki? Watanipa kazi ya kudeki. Kuna mzee mmoja sokoni anasema nyuki watatu kwenye goti, basi, unakimbia kama kijana.

Nimeagiza mzinga mzima. Betri anakuja kunisaidia kuufungua.