Mtutu Niliompa Shemeji

Jumapili, 2 Juni 1996

Nafasi imepatikana. Mzee mmoja wa timu amehamia Calgary kwa mwanawe, na timu ya klabu yetu ya kulenga shabaha imebaki na watu watatu. Anatakiwa wa nne kwa mashindano ya jimbo mwisho wa mwezi. Mchujo ni Jumamosi ya tarehe 15.

Tangu nijiunge nimekuwa mtu wa akiba. Kazi yangu ni kubandika karatasi za shabaha za wengine na kusifia matundu yao. Sasa basi. Nina miaka hamsini na saba, nina duka la dobi hapa Rexdale, na tangu nifike nchi hii hakuna aliyelitaja jina langu mbele ya watu ila kuuliza suruali yake iko wapi. Nataka makofi. Mara moja tu, halafu wanizike.

Kikwazo ni Shamez, kaka yake mke wangu Nazmin, naye anaigombea nafasi hiyohiyo. Anakaa Richmond Hill, ana gereji ya magari mawili, anapiga shabaha vizuri na wala hajisifu. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akijisifu unamchukia kwa raha zako. Isitoshe ni mashoto. Bunduki yake imetengenezwa kwa bega la kushoto na jicho la kushoto, akilala chini utadhani picha iliyochapwa kinyume. Na bado anatoboa katikati.

Bunduki yangu imechoka. Duara jeusi la shabaha linaonekana na ukungu, kama nalitazama kupitia mvuke wa pasi. Nitaunda mpya, kipande kwa kipande, na kila kipande nitakichagua mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni 1996

Nimeshinda Brampton kwa fundi wa bunduki, mzungu mmoja mwenye karakana chini ya nyumba yake. Mtutu nilioagiza tangu majira ya baridi umefika. Fundi ameujaribu, akasema hajapata kuona mtutu unaokusanya risasi pamoja namna hiyo. Nikaushika. Mwepesi!

Baba alikuwa na duka Tabora. Kabla ya kuweka choroko kwenye mizani aliipima kwa kiganja. Choroko nyepesi imebunguliwa, alisema, hata ikingʼaa vipi. Kizito ndicho kizima. Sheria hiyo imetulisha sisi watoto saba, na sioni kwa nini isifanye kazi kwenye chuma. Isitoshe, muuzaji husifia sana kile anachotaka kukiondoa dukani. Ule mwepesi nilikuwa nimeshaulipia, nikautupa nyuma ya gari, kisha nikachukua mwingine, mnene kama bomba la maji. Na kitako nikachagua cha mti wa jozi, kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kifyatulio cha chuma kitupu. Halafu vipande vya madini ya risasi vya kuning'iniza chini ya mtutu ili mkono utulie.

Fundi akauliza kama nimepima uzito wa jumla. Nikamwambia nimekipima kila kipande kwa mkono wangu. Akanipa kijitabu cha kanuni. Herufi zake ndogo kama sisimizi. Walioandika hawakutaka kisomwe, kwa hiyo sikukisoma.

Ijumaa, 7 Juni 1996

Leo nimefanya jambo la akili. Shamez ametimiza miaka hamsini, wakaja kula kwetu. Mtutu wa bunduki yake umekwisha, mwenyewe alilalamika mwezi uliopita. Basi nikamzawadia ule mtutu mwepesi, uliobunguliwa, umefungwa kwa karatasi ya maua na utepe. Atautia kwenye bunduki yake, na tarehe 15 atatapanya risasi shabaha nzima.

Shamez akasimama akanikumbatia. Machozi yalimlenga. Akasema tangu baba yao afariki hakuna aliyempa zawadi ya kiume. Nazmin alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tulipokuwa Dar. Akanipakulia biriani mara mbili. Nilikula sahani zote mbili.

Jumatano, 12 Juni 1996

Bunduki yangu imekamilika. Kuitoa kwenye gari ni kazi ya watu wawili, na mmoja wao awe kijana. Nimekwenda kuijaribu. Ukungu bado upo. Nimegundua sababu: kitundu cha kulengea ni cha kiwandani, hakijazoea hewa ya uwanja wetu. Nimekibadilisha. Ukungu umebaki. Nikabadilisha risasi. Ukungu palepale.

Nazmin anasema ni jicho. Anasema jana nimepiga pasi suruali ya mteja ikatoka na mistari miwili mguu mmoja, na kwamba jicho langu la kulia lina kiwingu cheupe ambacho yeye anakiona hata bila miwani. Amenipatia miadi ya daktari wa macho Jumanne. Nikamwambia ni mvuke. Miaka ishirini nasimama juu ya mvuke, jicho gani halitachoka? Akarudi kukunja mashati, na mke wangu akiyakunja kwa nguvu namna ile najua amenihukumu.

Jumamosi, 15 Juni 1996

Siku ya mchujo. Nimeandika nikiwa na hasira, kisha furaha, kisha hasira tena.

Shamez alipiga zamu ya kwanza. Nilisimama nyuma yake nikisubiri atapanye. Hakutapanya. Mtutu wangu mwepesi ulimtii kama mtoto wa shule. Alipata alama nyingi kuliko alizowahi kupata, akainuka akaja kunishukuru mbele ya watu wote. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Zamu ya pili ikaitwa. Kabla ya kupiga, kila bunduki hupimwa. Mezani alikaa Gervais, karani wa klabu, mtu wa Bukavu, anayependa kanuni kuliko chakula. Akalaza bunduki yangu kwenye mizani. Sindano ikapita alama nyekundu na kuendelea na safari yake.

Gervais akasema, "Ndugu Sadru, hii kitu inapita kilo. Kanuni ni kilo nane. Toa hata kidogo."

Nikatoa vipande vyote vya risasi. Bado. Nikafungua kibati cha nyuma ya kitako. Bado. Nikasema mizani ni mbovu. Nikaenda meza ya chai, nikachukua mfuko wa sukari wa kilo mbili, nikauweka juu. Mizani ikasoma kilo mbili kamili. Watu walikuwa wanatazama, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Ndipo Shamez akaja na bunduki yake mikononi. Akasema kwa sauti ya chini, piga na hii, bwana shemeji, hata hivyo nusu yake ni yako. Nilitaka kukataa. Nilikuwa na sentensi nzuri ya kukataa. Lakini jina langu lilikuwa limeshaitwa kwenye kipaza sauti, na ningebaki nimesimama pale na mfuko wa sukari.

Nikalala upande usio wangu. Bega la kushoto, shavu la kushoto, jicho la kulia nimelifumba kwa sababu kitako cha mashoto hakikupi njia nyingine. Nikatazama kwenye kitundu. Duara lilikuwa jeusi, limekatika vizuri, kama kifungo kwenye shati jeupe. Hakuna ukungu. Nikapiga. Katikati. Nikapiga tena. Katikati.

Nimempita Shamez kwa alama moja. Jina langu likasomwa. Wakapiga makofi. Shamez alipiga ya nguvu kuliko wote, na Nazmin alilia hadharani. Mimi ndiye mtu wa nne wa timu. Nimeiandika ili nikiamka kesho nijue haikuwa ndoto.

Jumapili, 16 Juni 1996

Wameniharibia siku. Shamez amepiga simu, akasema niichukue bunduki yake mpaka mashindano ya jimbo yaishe, mwenyewe hana shida nayo. Baada yake akapiga Gervais. Nahodha wa timu anakubali, mradi nipige kwa kushoto kama jana, na Jumamosi ijayo nikaonyeshe tena mbele yake. Nisipofikisha, nafasi anapewa Shamez. Nazmin naye akasema, umeona, ni jicho, jicho la kushoto ni zima.

Wote wana maelezo. Hakuna anayesema Sadru amepiga vizuri. Mara jicho, mara kushoto, mara bunduki ya Shamez. Nikipata ushindi, lazima uwe wa shemeji yangu! Inaniuma, na sitaificha humu ndani.

Nimefikiri mchana kutwa. Jana kilichobadilika ni nini? Mtutu. Mtutu nilioagiza mimi. Fundi alisema kweli, na Baba pia hakukosea: ule mtutu ni mwepesi kwa nje tu. Ndani ni mzito.

Jumatatu, 17 Juni 1996

Nimekwenda Richmond Hill kuomba zawadi yangu. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata nilikuwa na mambo mawili ya mwaka 1979 ya kumkumbusha. Hakugombana. Aliniangalia kidogo, akaingia gerejini, akaufungua mtutu mwenyewe na kunifungia kwenye taulo safi. Alinisindikiza hadi kwenye gari. Aliniuliza kama kesho ndiyo siku ya daktari. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 19 Juni 1996

Jana sikwenda kwa daktari. Nilikuwa Brampton, fundi anafunga mtutu. Nazmin amehamishia mto wake chumba cha wageni. Bunduki sasa iko chini ya kilo nane, ina mtutu wa ushindi, na ni ya kulia, kama alivyokusudia Mungu.

Leo nimeijaribu. Nililala upande wangu, nikaweka bega langu la kulia, nikatazama kwa jicho langu la kulia.

Ukungu.

Nilikaa kwenye nyasi muda mrefu. Gervais alipita, akauliza kama nitakuwa tayari kwa nahodha Jumamosi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Na kweli asiwe nao, maana nilipokuwa nimekaa pale jibu limenijia lote kwa mkupuo. Si mtutu peke yake. Jumamosi kulikuwa na mtutu na kitako. Ni kitako cha Shamez kinachoondoa ukungu.

Kesho asubuhi nakwenda kumwomba. Atanipa, hajui kukataa. Fundi nimeshampigia simu: anasema kwa msumeno na patasi anaweza kukichonga kiwe cha kulia kabla ya Jumamosi.