Maiki Iliyotoka Shingoni mwa Wagdi

Injinia Wagdi hakuwa injinia hata siku moja. Alikuwa na miwani, bisibisi moja mfukoni mwa shati, na mdomo. Kairo vitu hivyo vitatu vinatosha. Watu watakupa cheo wenyewe na hakuna atakayekuuliza cheti. Duka lake lilikuwa kichochoroni nyuma ya Mtaa wa Abdulaziz, jembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia ubavuubavu. Humo aliuza maiki ndogo za kubana kwenye nguo, zile wanazovaa wahubiri wa televisheni, wapishi wa mtandaoni na waigizaji wa jukwaani.

Biashara yenyewe ilikuwa rahisi, na naieleza mapema msije mkasema sikuwaonya. Maiki ya kweli alikuwa nayo moja tu. Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, waya wake mwembamba wa rangi ya ngozi, na sauti yake, jamani, ungemsikia mtu akimeza mate. Aliinunua kwa pesa aliyoiweka kwa ajili ya posa. Mchumba akaolewa na mwingine, na Wagdi hakujuta. Mteja aliijaribu hiyo ya kweli, akafurahi, akalipa. Wagdi akainama chini ya meza "nikufungie mpya kabisa," na boksi alilotoka nalo lilikuwa na kinyago chake, maiki ya bandia iliyofanana nayo. Kinyago kilifanya kazi siku tatu, siku ya nne kikaanza kulia kama panya aliyebanwa na mlango.

Basi Jumatatu moja ya Januari, saa tano asubuhi, Wagdi alikuwa akila koshari alipomwona mama mmoja akiingia kichochoroni. Nyusi alizichora kwa wanja, mkoba wake ulikuwa wa ngozi, mkubwa wa kubebea mtoto, na alitembea kana kwamba kila mpita njia amekata tiketi ya kumwangalia. Wagdi alifuta mchuzi kidevuni.

"Ya Rabi, asante," akanong'ona. "Leo umeniletea mnono."

Akatoka mlangoni mikono wazi. "Karibu malkia! Kichochoro kimeng'aa! Nuru hii imetoka wapi?"

"Imetoka kituo cha metro, mwanangu, na magoti yananiuma. Una maiki ambayo mtu haioni?"

"Bibi, nilizo nazo hata mimi sizioni. Nazitafuta kwa kupapasa."

Mama akacheka, akakaa, akajitaja. Alikuwa Bi Inshirah, mwigizaji, miaka arobaini jukwaani. Koo lake lilipasuliwa mwaka juzi, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu anayesimulia siri.

"Mwongozaji wetu, Ustadhi Ramzi, kaniambia mbele ya watu wote," alisema. "Alhamisi, onyesho la saa kumi, yeye atakaa mstari wa mwisho. Akinisikia, nabaki na nafasi yangu ya bibi kizee. Asiponisikia, nafasi inakwenda kwa shemeji yake. Ana miaka thelathini na mbili, huyo shemeji, na hata kukohoa kizee hajui."

"Aibu iliyoje!"

"Nikitolewa pale, Injinia, nimebakiwa na kiti cha dirishani kwa dada yangu, nimsikilize akiwasengenya majirani mpaka nife. Sitaki. Nasema wazi, naogopa."

Wagdi aliweka mkono kifuani. Je, alimwonea huruma? Siwadanganyi, kidogo alimwonea, ila huruma ya Wagdi iliishi jirani sana na mfuko wake.

Akatandaza bidhaa. Ya kwanza ilikuwa kubwa kama dengu. Bi Inshirah aliitazama mara moja tu.

"Hii ataiona hata aliyelala. Ondoa."

Ya pili ilikuwa ndogo zaidi. Akaibana kifuani, akageuka kushoto, akageuka kulia, na spika ya dukani ikatoa mchakacho wa mtu anayefagia majani makavu.

"Unasikia?" alisema. "Vazi langu ni hariri. Ukiweka maiki kifuani, hariri inaongea kuliko wewe. Sisi tunaificha kwenye nywele, hapa juu ya paji la uso. Kwa hiyo nataka isiyoogopa jasho. Na nikitamka 'pasha,' isipasuke kama puto. Na nikimgeukia mwenzangu, sauti isikimbie."

Wagdi akajisahau, akaanza kufurahi. Tapeli ni tapeli, lakini maiki alizipenda kweli, na siku nyingi hakuwa amekutana na mtu anayejua kuzichagua. Akafungua droo yenye kufuli, akatoa ile punje ya mchele.

"Hii, bibi, ndiyo mama yao. Ivae."

"Nikivaa mimi nitasikiaje? Anayevaa hajui kitu. Anayejua ni mtu wa mstari wa mwisho. Vaa wewe."

Wagdi akabana maiki chini ya kola, kisanduku chake cha kurushia sauti akakifunga kiunoni. Bi Inshirah akachukua spika pamoja na kipokea sauti chake, akavuka kichochoro hatua thelathini, akaviweka mezani kwenye mgahawa wa kahawa wa Haji Mitwalli, katikati ya wacheza domino.

"Nong'ona!" akampungia mkono.

"Moja, mbili," Wagdi akanong'ona. "Chai ya Haji Mitwalli ni maji ya kuoshea glasi."

Kule ng'ambo kicheko kikalipuka, na sauti ya Haji Mitwalli ikaja mbio: "Nimekusikia, mshenzi wewe!"

Bi Inshirah alirudi peke yake, spika kaiacha kule kule, macho yamemlowa. Akasimama mbele ya Wagdi, akaitazama shingo yake kama anayetazama mjukuu.

"Mashallah," alisema. "Kitu kizuri mno hicho ulichovaa."

Hapa ndipo Wagdi alipoingia choo cha kike, na tuelewane vizuri. Kwetu mtu akikisifia kitu chako, iwe saa, kalamu au viatu, unamwambia, "Chako hicho." Naye anajibu, "Kikupendeze mwenyewe." Basi, kila mtu anaondoka na mali yake na heshima yake. Tunafundishwa hivyo kabla hatujajua kufunga vifungo. Ulimi unasema wenyewe, kama mtu anavyopiga chafya.

"Chako hicho, bibi!" alisema Wagdi. "Wallahi, hakina thamani mbele yako!"

Akangoja jibu lake. Bi Inshirah hakujibu. Alimtazama tu. Ukimya ukawa mrefu, na mtu wa maneno hawezi ukimya, kwa hiyo Wagdi akaujaza.

"Haki ya mama yangu, sichukui hata pauni moja! Kichukue, na shingo yenyewe ichukue!"

"Nimekubali," alisema Bi Inshirah.

"Eh?"

"Mungu akupe nyumba isiyokauka, mwanangu. Nimekubali."

Wagdi aliikumbuka spika pale tu makofi yalipoanza ng'ambo. Wacheza domino walikuwa wamesimama wote. Mwanamke mmoja ghorofani, hata hakujua ni nini, alipiga vigelegele kwa kuwa wengine wanashangilia. Haji Mitwalli alivuka na sinia, akamshika Wagdi kichwa, akambusu utosini.

"Nilikudhania mwizi!" alisema, na machozi yalikuwa ya kweli. "Miaka tisa nakudhania mwizi! Nisamehe!"

"Haji, ngoja... bibi, angalau nikufungie mpya kabisa. Hii nimeitolea jasho." Mkono wake ulikuwa tayari chini ya meza.

"Naitaka hiyo hiyo yenye jasho lako," alisema Bi Inshirah kwa unyenyekevu. "Mpya nitaijua wapi?"

"Kasema vizuri!" wakasema wa domino.

Akamsogelea kuivua. Kwanza, kwa kidole cha mtu aliyezoea, alikizima kile kisanduku kiunoni. Ndipo akamnong'oneza sikioni, maneno ya watu wawili tu: "Mwezi uliopita fundi wetu alinunua boksi lako. Lililia nikiwa nakata roho jukwaani. Watu mia nne walicheka, Injinia, nami nimelala pale nimekufa, siwezi hata kujitetea. Ramzi akasema kosa ni la koo langu. Sasa tabasamu, wanakuangalia."

Wagdi akatabasamu. Bi Inshirah akatia mkobani maiki, kisanduku, na kipokea sauti alichokichomoa kwenye spika alipopita mgahawani, akaenda zake metro. Haji Mitwalli alimpa Wagdi chai ya bure. Ilikuwa kweli kama maji ya kuoshea glasi, na aliimaliza yote.

Siku mbili hakula. Lakini kichwa cha tapeli hakilali njaa, na Jumatano jioni kilimpa mpango. Katika ukumbi wowote wa mji huu, mtazamaji asiyesikia hupiga kelele "Sauti!" mpaka asikie. Wagdi angekata tiketi, akae mstari wa mwisho karibu na Ustadhi Ramzi, apige kelele hiyo mara tatu. Ramzi, aliyekuwa akitafuta kisingizio tu, angeilaani ile maiki, na mama angeirudisha dukani mwenyewe, akilia, abadilishiwe. Ndani ya boksi, bila shaka.

Alhamisi saa kumi alikuwa amekaa kando ya nguzo, amevaa shati jipya la kijani linalong'aa. Viti viwili kutoka kwake alikaa mwanamume mwenye skafu, mkono nyuma ya sikio, kalamu na karatasi gotini. Huyo ndiye alikuwa Ramzi.

Pazia likafunguka. Bi Inshirah alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akiongea na picha ya mumewe marehemu. Hakupaza sauti. Aliongea kama tunavyoongea na wafu wetu, chini chini, na kila neno likafika mpaka kwenye nguzo, kavu na safi. Kwenye nywele zake nyeupe huoni kitu. Wagdi alimsikia akimeza mate, naye akameza yake. Ndiyo maiki yake hiyo, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ikifanya kazi iliyozaliwa kuifanya. Mjinga yule akakaribia kulia.

Kisha akaikumbuka pesa ya posa. Akasimama.

"Sauti!" akafoka. "Hatusikii huku!"

Ukumbi ukageuka. Ramzi akachukua kalamu. Jukwaani Bi Inshirah akakatiza maneno yake, akaishusha picha mapajani, na huo haukuwa uigizaji. Miaka arobaini ilikuwa imesimama kwenye ncha ya ile kalamu.

"Sauti!" akarudia Wagdi.

Bi Inshirah akainua uso taratibu. Akasema kwa mnong'ono ule ule, bila kuongeza hata chembe: "Injinia Wagdi. Mwanangu. Wewe hapo kwenye nguzo. Hunisikii?"

Sasa niambieni, mama wa umri ule akikuita mwanangu, ulimi wako unasubiri ruhusa?

"Nakusikia, bibi!" Wagdi akaitika, mkono kifuani. "Nakusikia kama umekaa begani mwangu!"

Kicheko kilianza mstari wa mwisho, kikashuka mpaka jukwaani, na safari hii Bi Inshirah hakuwa amekufa. Alikisikia chote amekaa wima. Ramzi aliikunja karatasi, akaitia mfukoni pamoja na kalamu, akaanza kupiga makofi. Nasikia yule shemeji, nyuma ya pazia, alizivua mvi zake za bandia papo hapo.

Bi Inshirah alingoja makofi yatulie, kama anayejua kungoja. Kisha akainama kidogo kuelekea kwenye nguzo.

"Halafu, mwanangu," akanong'ona, "shati zuri mno hilo."

Wagdi alijiziba mdomo kwa mikono miwili, lakini alichelewa. Watu mia nne walikuwa wameshaisikia ile "Chako hicho" yake.

Alirudi nyumbani kwa metro na baridi yote ile ya Januari, amevaa fulana.