Sauti ya Shangazi Bonde Zima

Jumatatu, 4 Machi
Mvua tangu alfajiri. Mkuu wa kituo chetu cha maafa ametangaza: atakayewafanya watu wa bondeni wahame kabla mto haujafurika atakabidhiwa dawati la tahadhari. Dawati hilo litakuwa langu! Nimeandika ujumbe wa simu wenye utangulizi, kiini na hitimisho. Kijana wa ramani, mpinzani wangu, ameuliza kama ujumbe wangu una marejeo pia. Wivu.

Jumanne, 5 Machi
Ujumbe umefika kila simu. Hajahama mtu. Shangazi, ninayeishi kwake huko huko bondeni, alidhani ni tangazo la kampuni ya simu, akaufuta. Shangazi wangu wa damu! Kijana wa ramani naye katuma ramani ya rangi saba. Majirani wameisifia, wakarudi kulala.

Jumatano, 6 Machi
Mpango mpya. Bondeni Shangazi akikohoa tu, vijana wanazima muziki. Nimemwomba arekodi tahadhari. Akasema yeye si kasuku wa ofisi ya mtu, kisha akauliza maji yamefika wapi. Nikamwambia yanagusa daraja. Akanipokonya simu, akafoka: bebeni watoto, shikeni wazee mkono, pandeni shuleni sasa hivi! Nikatuma papo hapo.

Sikukata mwisho wa rekodi. Mwishoni Shangazi ananiuliza mimi, msomi mzima, ile sufuria niliyounguza na kuificha uvunguni namwachia nani aisugue. Bonde zima limesikia! Nimetamani mafuriko yanichukue peke yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mto umeingia nyumba za chini. Zote tupu. Watu wako madarasani, wakavu, wanagombania blanketi. Kumbe kila aliyecheka sufuria alimtumia ndugu yake rekodi hiyo, na ndugu akamtumia shemeji. Bibi mmoja kanikumbatia, kaniita Mama Sufuria. Kijana wa ramani kaniletea chai, akasema nimeokoa watu. Hakucheka hata kidogo. Machozi yakanitoka. Nikasingizia moshi.

Ijumaa, 8 Machi
Dawati kapewa Shangazi! Mimi msaidizi wake. Ameshaniagiza nikae wima. Mkuu anasema watu husikiliza mtu wanayemjua, tena anayewachekesha. Nimetafakari sana na sikubaliani naye. Watu wanataka uzito. Nimeanza kuandika tahadhari ya radi, nimeondoa kila kinachochekesha. Kurasa mbili tayari, na bado sijafika kwenye radi.