Uso wa Mke Wangu Juu ya Pikipiki

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kihistoria, ingawa humu nyumbani hakuna aliyeitambua. Fulana hamsini zimetoka. Kifuani uso wa mke wangu, chini yake maneno CHAGUENI USUKANI ULIOTULIA. Mke wangu anaendesha basi la shule na anagombea uenyekiti wa chama cha madereva wa mabasi ya shule. Mshindani wake ni dereva tunayemwita Honi, kwa sababu hupiga honi hata akirudi nyuma kwenye uwanja mtupu. Meneja wa kampeni ni mimi. Nilijiteua, maana mashine ya kuchapisha fulana ni yangu.

Picha ilinisumbua. Katika picha zote tulizo nazo anacheka mpaka macho yanapotea. Mwenyekiti hachekicheki. Nikaikumbuka leseni yake ya udereva. Humo ametulia, amekaza macho kama mtu anayesubiri uongo umalizike ndipo ajibu. Nikaiazima kutoka mkobani alipokuwa anaoga. Kazi imetoka safi, kope unaweza kuzihesabu.

Nimezigawa kwa waendesha pikipiki wa pale makutano na kwa wachukuzi wa sokoni. Watu wasiokaa mahali pamoja. Mama mkwe, tunayeishi naye, aliitazama fulana kwa muda mrefu, akasema binti yake hajawahi kumwangalia mtu hivyo isipokuwa mimi. Nimelipokea kama sifa.

Jumatano, 6 Machi

Serikali imefunga kamera kwenye nguzo za barabarani. Watu wanaziita Jicho, kana kwamba ni moja tu. Leo nilisimama chini ya ile ya makutano hadi nikasahau nilichotumwa dukani. Kitu kidogo, ukubwa wa birika, na kinajua uso wa kila mwenye leseni mjini, hata wangu. Marehemu babu yangu alikuwa anatuita wajukuu kwa zamu mpaka apate jina sahihi. Hiki hakibahatishi. Ukikosea barabarani, ujumbe unakuwahi kwenye simu kabla hujafika kwako. Nilivua kofia. Sijui kwa nini, mkono ulienda wenyewe.

Jioni ukaja ujumbe wetu wa kwanza. Mke wangu ameonekana akiendesha pikipiki bila kofia ngumu. Amewekewa alama tatu mbaya. Zikifika kumi na mbili leseni inachukuliwa, na bila leseni basi lake anapewa mtu mwingine. Picha haikuambatanishwa. Anayetaka kuiona aende ofisini.

Mke wangu alisema hajapanda pikipiki tangu azaliwe, hata baiskeli ilimshinda. Saa hiyo alikuwa na basi zima la watoto wanaoimba. Nilimwamini mara moja. Kisha nikafikiri. Chombo kisichobahatisha kimemwona juu ya pikipiki, kichwa wazi, upepo usoni. Nikamtazama anavyomenya viazi, taratibu, maganda membamba. Miaka yote hii nimelala kando ya nani?

Ijumaa, 8 Machi

Ujumbe wa pili na wa tatu. Pikipiki tena, bila kofia, upande wa juu wa mji. Na wakati huohuo, upande wa chini, amevuka barabara nje ya kivuko. Mtu mmoja, ncha mbili za mji, saa ileile. Nimekuwa nikimsikia akilalamika kwamba anatakiwa kuwa kila mahali kwa wakati mmoja. Sikujua kama ameshaweza.

Mama mkwe akasema niache kumtazama binti yake kama mzuka, nitafute akili. Nimeitafuta. Jibu ni Honi. Ameleta mwanamke anayefanana na mke wangu, anamzungusha mjini afanye makosa. Hila nzito. Nilimheshimu kidogo.

Nilimfuata mchana hadi kwenye kituo cha mabasi, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Aliniona. Akanipigia honi mbele ya madereva wote, akauliza kama Bwana Fulana amekuja kujiunga na upande wenye akili, au amebanwa na haja. Wakacheka. Nikaondoka kama mtu mwenye shughuli.

Lakini wazo nilikuwa nalo. Mji ukiujua uso halisi, wa bandia atakosa pa kujificha. Nimechapisha fulana nyingine, mara mbili ya zile za kwanza, na zote zimeshavaliwa. Wazo kama hili halimjii kila mtu.

Jumapili, 10 Machi

Maji yamefika shingoni. Tangu jana simu ya mke wangu inalia kama kuku anayetaga. Pikipiki, pikipiki, kuvuka vibaya, pikipiki. Alama zimepita kumi na mbili, nahisi na Jicho lenyewe limeacha kujumlisha. Mwenye mabasi alipiga simu. Alizungumza kwa upole sana, na upole ndio uliotutisha. Asiguse usukani mpaka ofisi ya usalama barabarani iseme neno. Ameitwa huko Jumanne. Wakithibitisha, basi limekwenda.

Mchana nilimkuta uwanjani analiosha basi lake. Kesho haliendeshi yeye, lakini alikuwa anafuta kiti kimoja baada ya kingine. Akaniambia kila mtoto ana kiti chake, na kuna mmoja, wa pale dirishani, hakanyagi ngazi mpaka amsikie yeye akimwita kwa jina. Kwa hiyo kesho huyo hataenda shule. Nilitaka kusema jambo la kumfariji. Nikasema fulana zimepokelewa vizuri sana. Akakamua kitambaa.

Nikaenda makutano kumkamata mwanamke wa bandia. Nilivaa fulana ili anione ajue amefika mwisho. Hakutokea. Walipita wachukuzi, magunia yamewafunika hadi puani. Walipita waendesha pikipiki, kofia ngumu vichwani, vioo vyeusi vimeshushwa kama sheria inavyotaka. Sura zao huzioni. Kilichoonekana ni mke wangu, kifuani mwao, akija, akipita, akija tena, macho yamekazwa, bila kope kutikisika. Barabara nzima alikuwa yeye. Nimeishi na huyu mtu na sikuwahi kujua kwamba anaweza kujaza mji.

Sikugundua la maana, ila rangi haijapauka hata kidogo.

Jumanne, 12 Machi

Nitaandika taratibu.

Ofisa alikuwa kijana nadhifu, tai imenyooka. Alimweleza mke wangu kwamba mashine haikosei, wanaokosea ni watu. Mke wangu akamjibu kwa sauti ile anayowahesabia watoto wakishuka. Basi nionyeshe nilivyokosea, mwanangu, nami nione.

Ofisa akageuza kioo cha kompyuta. Picha zikajipanga. Mashine inakata kila kitu kingine inabakiza uso tu, kwa hiyo ilikuwa safu juu ya safu ya mke wangu, ananitazama. Chini ya kila uso imeandikwa uhakika asilimia tisini na tisa. Mikono ya mke wangu ilikuwa mapajani, imeshikana. Nikamwona anaanza kuamini, kama nilivyoanza mimi siku ile ya viazi.

Ofisa akaomba radhi kuhusu moja ya picha. Alisema ubora wake si mzuri sana, rangi imemwagika kidogo kidevuni.

Hapo sikuvumilia. Kuna mambo mtu hawezi kuyaacha yapite. Nilimwambia kwamba rangi haijamwagika, haijawahi kumwagika katika kazi yangu yoyote. Ule ni mkunjo wa kitambaa, na kama mvaaji ana kitambi, hilo si kosa la mchapaji.

Mke wangu akanigeukia polepole. Uso ule ninaujua. Ndio ulio kwenye leseni.

Akaniambia nifungue koti. Ndani nilikuwa nimevaa fulana, kwa ajili ya kumtia moyo. Ofisa alitazama kifua changu, akatazama kioo, akarudi kifuani. Kisha akamketisha mke wangu mbele ya kamera ndogo ya mezani. Mashine ikafikiri. Ikaandika kwamba uso huu haufahamiki, ajaribu tena bila kukunja sura. Zamu yangu. Nilisogea nimesimama, kamera ikinifikia kifuani tu, na kabla sijanyoosha mgongo mashine ikalia kwa furaha na kumwaga jina lake lote, anwani na tarehe ya kuzaliwa.

Ofisa alisimama. Akasema kwa sauti ndogo kwamba picha waliyonayo wao ndiyo hiyohiyo ya leseni. Mashine imefundishwa kumtafuta mke wangu kwa picha ile, na mimi nimeijaza mjini. Mwenyewe amezidi kidogo umri, amezidi kidogo kuchoka. Karatasi haichoki.

Wakaja wenzake kutoka vyumba vingine. Nikawa nafunga koti, nafungua, nafunga, nafungua. Likifungwa mashine inanyamaza, likifunguliwa inamkaribisha mke wangu. Hakuna aliyecheka. Walisimama kama watu wanaotazama jua likipatwa. Mimi mwenyewe machozi yalinilenga. Kitu kinachojua nyuso za watu wote, kimedanganywa na pamba, na aliyekidanganya ni mimi bila hata kukusudia. Je, ningekusudia?

Alama zote zimefutwa. Ili yasijirudie, ofisa ameuweka uso wa mke wangu kwenye kundi la nyuso ambazo Jicho likiziona linapaswa kunyamaza. Nje, mke wangu alisema kesho asubuhi yuko kwenye basi lake. Mimi, akasema, nirudi nyumbani kwa miguu. Ni mbali. Nikapata muda wa kufikiri.

Jumamosi, 16 Machi

Ameshinda. Hakukuwa na fulana hata moja ukumbini. Alizikusanya zote mwenyewe, amezikata matambara ya kufutia basi. Alisimama akawaambia madereva jambo moja tu. Usikubali kosa hujaonyeshwa picha, na picha ukionyeshwa, itazame mpaka mwisho. Nusu ya ukumbi walitoa simu zao. Kumbe kila mtu alikuwa na ujumbe alioufungia moyoni kwa aibu. Mmoja alionekana akivuka barabara saa aliyokuwa hospitalini anang'olewa jino. Honi naye aliinuka, akakiri Jicho limemwona sehemu ambayo hajawahi kukanyaga, na kwa wiki nzima mkewe hasemi naye. Akampigia kura mke wangu. Bila honi.

Ni wazi fulana zilifanya kazi.

Moja ilinusurika. Iko chini ya godoro, upande wangu.

Jumatatu, 18 Machi

Hesabu ilikuwa rahisi. Kuna uso mmoja mjini ambao Jicho linapaswa kuunyamazia, na mimi ninao. Nikauvaa. Nikaenda makutano, nikavuka katikati ya barabara, mbali na kivuko, kifua mbele, bila haraka. Magari yakafunga breki. Dereva mmoja akaniuliza kama nyumbani wanajua nilipo. Nikalipungia Jicho mkono. Nilijisikia kama upepo.

Simu iliita kabla sijafika upande wa pili. Alama tatu. Jina langu, kamili, bila kosa hata la herufi.

Nilibaki nimesimama pale, nikiangalia juu. Katika watu wote wa barabara ile, limenijua mimi. Kwa haki kabisa. Hakuna ofisi iliyowahi kuniandika jina vizuri hivyo mara ya kwanza.

Mama mkwe aliniuliza kichwa changu kilikuwa wapi. Nikamweleza kwamba kilikuwa juu ya fulana, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Fulana ni fupi. Nimeanza leo kushona yenye kupanda hadi utosini, yenye matundu mawili ya macho, na waendesha pikipiki kadhaa wameshaulizia. Inabaki kupata picha kubwa zaidi, maana ile ya kwanza ikivutwa inafifia. Mke wangu ameificha leseni. Ameiweka ndani ya kopo la sukari, na sasa hivi anaoga.