Ombi la Kurudishiwa Uzembe wa Kompyuta ya Dirisha la Pili

Kwako Kaka Fundi wa Kompyuta,
(Nakala: Mkuu wa Ofisi ya Vyeti vya Kuzaliwa)

Natumai u mzima na mikono yako haijambo, kwani ni hiyo hiyo mikono ninayoilalamikia.

Jumatatu uliifungua kompyuta yangu, ukaipuliza vumbi, ukaibadilishia diski, kisha ukaondoa ulizoziita programu zinazoamka pamoja nayo. Ulihesabu kumi na nne. Ukaniambia, "Dada, sasa itawaka kabla hujakaa." Kweli inawaka. Tangu siku hiyo sina raha, na sababu ni hizi:

1. Zamani niliibonyeza saa mbili kamili, ikaamka saa mbili na dakika ishirini na tano. Dakika hizo zilikuwa zangu. Nina mtoto wa miezi saba anayeota meno, na meno yake huota usiku tu. Nilikuwa naegemeza shavu kwenye faili, macho wazi kidogo kwa heshima ya ofisi, na hakuna aliyenilaumu, maana kosa lilikuwa la mashine. Leo kosa ni la nani?

2. Kioo sasa kinang'aa kabla sijamaliza kupiga mwayo. Jana mama mmoja kwenye foleni alinigongea dirisha: "We dada, mbona mashine imewaka, mwenyewe umezimika?" Foleni nzima ikacheka. Nami nilicheka, ila baadaye kidogo.

3. Kwa kukurupushwa hivyo, nimemwandikia babu wa miaka sabini cheti kinachosema ana miezi saba. Amekirudisha kwa adabu, akauliza kama aanze uji au aendelee kunyonya.

4. Haki yenyewe haikutendeka. Kompyuta ilikuwa inaamka na vitu kumi na vinne, ukaihurumia. Mimi naamka na mtoto, nepi, chupa, na mume anayetafuta soksi aliyokwisha kuivaa. Mbona mimi hukuniuliza kipi kiondolewe? (Mtoto usimguse. Soksi ondoa.)

Kwa hiyo naomba, kwa upole ila sitanii, urudishe programu zote kumi na nne, pamoja na ile ya kupiga tarumbeta na ile ya hali ya hewa ya mji tusioujua. Diski ya zamani pia. Vumbi nitatafuta mwenyewe.

Wasalimie wote hapo kwako, wakubwa kwa wadogo. Waliolala usiwaamshe kwa ajili ya salamu zangu.

Ni mimi dada yako mwenye usingizi,
Mama wa Dirisha la Pili

Tanbihi: Kaka, simama hapo hapo ulipo! Nakala imemfikia Mkuu kabla yako. Amecheka mpaka akavua miwani, halafu akachungulia foleni: imekwisha, na ni saa sita tu. Amesema kila siku foleni ikiisha mapema, niende nyumbani nikamnyonyeshe mtoto, nilale naye. Basi kama umeishika ile diski ya zamani, itupe. Na kesho uje na bisibisi, uiangalie printa. Kila cheti inakitoa kwa uchungu, na mimi nina haraka.