Mkono wa Kamba na Miguu ya Mwenyekiti

"Bodi ya Usimamizi wa Hofu inautangazia umma kwamba, kuanzia sasa, hofu yote itakayooneshwa katika kumbi za sinema itakuwa hofu ya kiwango. Mtazamaji atakayecheka mbele ya mzuka atahesabiwa kuwa ameidharau Serikali."

Tangazo hilo zito lilibandikwa kwenye mlango wa choo cha ofisi, kwa sababu ubao wa matangazo ulikuwa umegeuzwa meza ya chai.

Aliyelitunga ni Mwenyekiti mwenyewe, bwana mwenye kitambi cha cheo na kikohozi maalumu cha kufungulia vikao. Sababu alikuwa nayo. Bodi ilitengeneza sinema yake ya kutisha, ambamo mizuka ilitoa nasaha kwanza ndipo ikanyonga, na hakuna aliyekuja kuitazama ila mlinzi, naye alikuja kulala. Wakati huohuo watu walisukumana kwa Mama Mizuka, fundi cherehani aliyegeuza stoo yake ukumbi, kutazama sinema ileile mwaka nenda mwaka rudi: *Marehemu Anadai Saa Yake*.

Marehemu alikuwa na meno ya kiazi. Alipoinama kumnyonya mtu shingo, jino lilimdondoka, akaliokota, akalipangusa, akaendelea na kazi. Mkono wake uliokatwa ulikuwa glavu ya mpira iliyojazwa matambara, ikivutwa kwa kamba ambayo hata kipofu angeiona. Mkono ulipotambaa kuelekea kwenye kiti, ukumbi mzima ulinyanyua miguu, ukapiga mayowe, ukavunjika mbavu kwa kicheko.

Mama Mizuka akaitwa mbele ya Bodi. Stoo ilikuwa ifungwe, na diski ya sinema, ambayo haikuwa na nakala, ivunjwe.

"Aliyecheza Marehemu ni mume wangu," alisema. "Sasa ni marehemu kweli. Mkiivunja hiyo, mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Mwenyekiti akakohoa. "Pole, Mama. Lakini mimi na uchafu huo hatujawahi kukutana, na sitaki tukutane."

"Sasa umejuaje ni uchafu, baba? Kwa harufu?"

Katibu wa Bodi, binti aliyeajiriwa juzi na ambaye bado alikuwa na tabia mbaya ya kusoma kanuni, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kanuni inasema sinema haifungiwi mpaka Bodi iitazame na kuthibitisha kwamba haitishi."

"Kanuni ya kipuuzi. Nani kaiandika?"

"Wewe mwenyewe, mheshimiwa."

Mapazia yakavutwa. Mwenyekiti akakunja uso kama aliyemeza ndimu. Meno ya kiazi yalipotokea, akajiuma ulimi. Jino lilipodondoka, akasingizia chafya. Sauti ya mpiga picha iliposikika ikifoka, "Usitazame kamera, wewe maiti!" midomo ya Mwenyekiti ikaenda nayo neno kwa neno, giza likamsitiri.

Kisha kwenye picha kikatokea kiti kitupu. Hakuna mkono, hakuna kamba, kimya tu. Na tayari viatu vya Mwenyekiti vilikuwa hewani, magoti yamegusa kidevu.

Katibu akasimamisha picha, akawasha taa. "Mheshimiwa, mkono bado haujafika."

"Ganzi," alisema Mwenyekiti. "Miguu imekufa ganzi."

Mama Mizuka akaitazama ile miguu kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea. "Helmeti! Kumbe ni wewe?" Akawageukia wengine. "Kwangu kuna bwana hukaa kiti cha nyuma, havui helmeti hata joto likiwaka. Pikipiki yenyewe hana. Kunyanyua miguu, yeye ndiye imamu wetu."

Katibu akafunua kanuni. "Chagua, mheshimiwa. Kama umeogopa, sinema inatisha, ipewe kibali. Kama hukuogopa, basi ulikuwa unajua kinachokuja."

Mwenyekiti akajaribu kukohoa. Kikohozi kikagoma.

"Sinema yetu ya Bodi ilificha kamba zote," alisema mwishowe, "na mtu akatoka bila kuona chochote. Hii, Mama, kamba ninaiona. Ninaiona kabisa! Na miguu inapanda yenyewe." Akajifuta jasho. "Ni mimi. Kila Jumamosi."

Wajumbe wawili waliokuwa wamesinzia tangu asubuhi wakazinduka, wakaunga mkono hoja.

"Kwa hiyo, kibali?" aliuliza Mama Mizuka.

"Kibali," alisema Mwenyekiti, miguu bado iko juu. "Ila zima taa, binti yangu. Mmemwacha Marehemu njiani."